Maji Yanayohamishwa

Mtu akiondoka kijijini mwake akaenda kukaa kijiji kingine, twasema amehama. Mwalimu akipelekwa shule nyingine, twasema amehamishwa. Katika sayansi pia tunalitumia neno hili. Vitu viwili haviwezi kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kitu kikiingia majini, ni lazima maji yaliyokuwa pale yahame. Twasema kitu hicho kimehamisha maji.

Jaribio

Tia maji katika gilasi ya kupimia mpaka alama ya sentimita za ujazo 50. Funga jiwe dogo kwa uzi, kisha litumbukize taratibu mpaka lizame lote. Soma alama tena. Tuseme maji yamepanda mpaka 70. Je, maji yameongezeka? La. Jiwe limehamisha maji ya sentimita za ujazo 20, na huo ndio ujazo wa jiwe lenyewe.

Vitu vinavyoelea

Mtumbwi hauzami wote kama jiwe. Sehemu yake huwa ndani ya maji na sehemu huwa juu. Archimedes, mtaalamu wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aligundua kanuni yake: kitu kinachoelea huhamisha maji yenye uzito sawa na uzito wa kitu hicho.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Mtumbwi wenye uzito wa kilo 120, ukipakia watu wanne wa kilo 60 kila mmoja, huwa na uzito wa kilo 360. Basi huhamisha lita 360 za maji. Akiingia mtu wa tano mwenye uzito kama huo, ni lazima mtumbwi uhamishe lita 60 zaidi, nao hushuka chini zaidi. Ukingo wake hukaribia maji. Hapo wimbi dogo, au watu kuegemea upande mmoja, huweza kuuzamisha au kuupindua.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101 tu, lakini siku ile kilibeba wengi kupita kiasi hicho. Watu zaidi ya 220 walikufa.

Ndiyo sababu meli nyingi huchorwa alama ubavuni. Alama hiyo ikizama, chombo kimejaa kupita kiasi. Usikubali kupanda chombo kama hicho, hata kama una haraka.

Maswali

1. Kwa nini maji hupanda jiwe linapotumbukizwa?
2. Mtumbwi na mizigo yake una uzito wa kilo 250. Huhamisha lita ngapi za maji?
3. Eleza kwa nini chombo kilichojaa mno ni cha hatari.