Wadudu wa Ghalani (2): Mbawakawa Wala Ukungu

Wiki iliyopita tuliwatazama fukusi na dumuzi, wadudu wanaotoboa punje nzima na kuacha vumbi. Leo ni zamu ya wengine ambao mkulima huwakuta katika gunia lilelile, akawahesabu kuwa wezi wale wale na kuwanyunyizia dawa ileile. Chekecha mahindi juu ya karatasi nyeupe, utawatenganisha bila taabu. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka, na dumuzi ana mwili wa mviringo na kichwa kilichoinamia chini ya kifua. Yule bapa wa hudhurungi anayekimbia haraka, urefu milimita mbili hadi tatu, mwenye vinundu viwili kwenye pembe za mbele za kifua, ni Ahasverus advena. Mara nyingi huandamana na Typhaea stercorea, wa kimo hichohicho, aliyevaa nywele fupi mwili mzima. Dai langu ni kwamba hawa wamefuata unyevu, na anayewaua bila kuanika mahindi yake hajatibu chochote.

Ahasverus amelelewa maabarani kwa kulishwa ukungu peke yake, akakua kutoka funza hadi mdudu kamili na kuzaa. Kwenye nafaka kavu, safi, isiyovunjika, hastawi, kwani hawezi kuitoboa punje nzima. Ushahidi mwingine hauhusu nafaka hata kidogo. Huko Ulaya, wadudu wa familia ya Latridiidae, ambao nao ni wala ukungu, hujitokeza kwa wingi katika nyumba mpya ambazo plasta yake haijakauka. Ukutani hakuna chakula chao isipokuwa utando mwembamba wa ukungu. Plasta ikikauka, nao hutoweka bila kupuliziwa dawa. Kwa hiyo mdudu wa namna hii akizagaa ghalani anatuarifu kwamba mahali fulani pana maji. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na maji yanayovuka kiwango hicho hayatokani na paa linalovuja tu. Fukusi wakiongezeka, nafaka hupata joto kwa sababu wanapumua, na pumzi yao ina maji. Mvuke huo hupanda, hukutana na punje za juu zilizopoa usiku, kisha hugeuka matone. Hivyo ndivyo mahindi yaliyoingia ghalani yakiwa makavu yanavyoweza kuota ukungu baadaye.

Atakayenipinga atasema wadudu hawa nao husambaza ukungu. Ni kweli: mbegu za ukungu hunata miilini mwao, nao huzihamisha kutoka gunia hadi gunia. Lakini mbegu hizo zimejaa hewani, shambani na kwenye magunia ya zamani, na zikiangukia punje kavu haziamki. Nzito zaidi ni hoja ya pili: wasipoonekana, je, mahindi ni salama? Hapana. Ukungu wa Aspergillus flavus huweza kutia sumukuvu mahindi yangali shambani, hasa msimu wa ukame, na sumu hiyo haiondolewi kwa kukausha wala kwa kupika ugali. Kuwapo kwao ni onyo. Kutokuwapo kwao si cheti. Onyo lenyewe ni zito. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa, na uchunguzi uliuhusisha ugonjwa huo na mahindi yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, waliugua 68 na kufa 20.

Basi ukiwaona, weka dawa kando kwanza. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na mahindi, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15: yatoe, yaanike juu ya turubai, na magunia yakirudi ghalani yapange juu ya chaga, mbali na ukuta. Punje zilizoota ukungu zitenge na kuziteketeza. Usimpe hata ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumukuvu hupita mwilini mwake hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.