Je, Wajua? Wembe, Unywele na Ng'ombe wa Singida

Je, wajua kwamba unywele unaweza kuumega wembe? Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science walichokiona kwa hadubini ya elektroni: chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele mara 50 hivi, lakini unywele ukijipinda mahali ambapo ukingo una udhaifu, kipande kidogo mno cha chuma hubanduka.

Wembe wa kutupa ukifikia hapo umekwisha. Wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, una matunzo mawili. Kinoo hula chuma na kutoa makali mapya, tena mara chache. Mkanda wa ngozi hunyoosha ukingo na kuung'arisha kila mara kabla ya kunyoa.

Na ngozi Singida ipo. Wataalamu wa mifugo wanapowapanga ng'ombe aina ya zebu wenye pembe fupi wa Tanzania, mkoa huu unawapa majina mawili: ng'ombe weupe wa Singida, na wale wa Mkalama wenye rangi ya vumbi. Tatizo ni makovu. Chapa ya moto, miba, kupe na kisu cha mchunaji huacha alama ambazo kwenye kiatu hazina neno, ila wembe mwembamba huzigonga kila unapopita. Kwa hiyo chagua kipande cha mgongoni. Cha tumboni hunyumbuka. Iwe ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama miwati ya Njombe, ambako kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949 hukamua dawa ya kusindikia.

Mkanda wenye upana wa sentimita 7 na nusu unatosha kubeba wembe mzima. Mwembamba zaidi nao unafaa, mradi uuvute wembe kwa mshazari. Fundi viatu hodari atakukatia, na kwa mkanda wa kwanza sioni sababu ya kuagiza wa bei kubwa ng'ambo, kwani utaukata tu. Wanaoanza karibu wote huukata, hasa wakati wa kugeuza. Mgongo wa wembe hutangulia, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho unauviringisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Usiukandamize, na mkanda uwe umekazwa, maana ukilegea huviringa makali badala ya kuyanyoosha.

Kiangazi cha huku hukausha ngozi. Dawa yake ni kiganja: kisugue juu ya mkanda mara kwa mara, mafuta ya mkono yanatosha.

Jambo moja vinyozi wasilipuuze: chuma huchemshwa, ngozi haichemshiki. Damu ikiuingia mkanda haisafishiki kwa uhakika, kwa hiyo huo ni wa kidevu chako peke yako. Saluni inayopokea wateja wengi itumie wembe mpya kwa kila mteja.