Utepe wa Gundi Mkiani mwa Mshale

Unyoya wa mshale uliokatwa kwa urefu wa sentimita 10 una uzito wa kama gramu 0.2. Ukiwekewa kiganjani huku umefumba macho, hutajua kama upo. Lakini mshale ukiachiwa kwenye upinde wa kawaida wa mbao huondoka kwa kasi ya karibu mita 50 kwa sekunde, na kasi hiyo yote huipata ndani ya nusu mita, pale upote unapousukuma. Piga hesabu ya fizikia ya sekondari utaona kwamba mchapuko wake unafika mara 250 ya ule wa kitu kinachoanguka. Kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, basi, unyoya ule usio na uzito unaielemea gundi yake kana kwamba una gramu 50.

Ndiyo maana mtu akisema manyoya ya mishale yake ameyabandika kwa utepe unaonata pande mbili, mafundi wa zamani humtazama kwa jicho la huruma. Selotepu ni ya kufungia zawadi na kuunga noti iliyochanika; mshale unataka gundi ya kweli, ile ya kungojea ikauke. Dharau hiyo naielewa, ila fizikia haiwaungi mkono sana.

Cha kuuliza ni gramu 50 hizo zinavuta upande gani. Wano linachomoka kwenda mbele, unyoya unataka kubaki nyuma, kwa hiyo mvuto unapita sambamba na wano, ukijaribu kuutelezesha unyoya kuelekea mkiani. Utepe wa sentimita 10 kwa milimita 3 una eneo la sentimita 3 za mraba, na eneo lote hilo linagawana mzigo: kama gramu 17 kwa kila sentimita ya mraba. Hata utepe wa bei ya chini hauoni taabu hapo. Jaribu mwenyewe: bandika kipande mezani, acha mkia mfupi wa kushikia, kisha ukivute kikiwa kimelala. Utachoka wewe kwanza. Sasa inua pembe moja kwa ukucha, uvute kwenda juu. Chote kinabanduka bila jasho.

Nguvu ya kubandua haigawanywi. Inakusanyika kwenye mstari mmoja mwembamba, pale utepe unapoachana na meza, na mstari huo ukishindwa, unaofuata unabeba mzigo uleule peke yake. Hapo kurefusha utepe hakusaidii kitu: wa sentimita 10 na wa sentimita 20 hubanduka kwa nguvu ileile, maana kinachohesabiwa ni upana. Na upana wa uti wa unyoya ni milimita chache tu.

Kwa hiyo adui wa utepe si kasi. Adui ni ncha ya mbele ya unyoya, ile pembe inayosubiri ukucha. Ukucha wenyewe unaweza kuwa ubavu wa upinde, bua la nyasi, au shabaha ambayo mshale umeipenya mpaka manyoya yakazama ndani. Ncha ikishainuka kidogo, upepo wa mita 50 kwa sekunde unaimalizia. Wanaolaza mshale juu ya mkono mtupu wana sababu nyingine ya kuichunga: uti wa unyoya ukiwa umechongoka na kuinuka, huchana ngozi wakati mshale unapita.

Gundi ya utepe haikauki kamwe, na ujanja wake uko hapo. Tangu Richard Drew wa kampuni ya 3M, Marekani, alipotoa utepe wa mafundi rangi wa magari mwaka 1925, na ule mwangavu mwaka 1930, kazi ya wanakemia imekuwa kutafuta kitu kinachotiririka kidogo kikibonyezwa na kuwa kigumu kikikurupushwa. Molekuli zake ni ndefu mno na zimesokotana. Tabia yake ni ya donge la chapati: livute taratibu linarefuka, livute ghafla linagoma mpaka likatike. Kidole kinapokandamiza unyoya kwa sekunde kadhaa, gundi inapata nafasi ya kupenya kwenye vijishimo vya wano visivyoonekana kwa macho. Mshale ukiachiwa, sehemu ya hamsini ya sekunde haitoshi gundi kutiririka popote, nayo inasimama kama kitu kigumu.

Wa kale hawakuwa na utepe, lakini ncha ya mbele waliifahamu vizuri. Mwaka 1991 watalii walikuta kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, mwili wa mtu aliyeishi miaka 5,300 hivi iliyopita, ambaye leo anaitwa Ötzi. Podo lake lilikuwa na mishale 14, miwili tu ikiwa imekamilika. Mishale hiyo miwili ina manyoya matatu-matatu yaliyogandishwa kwa lami ya gome la mbetula, kisha yakazungushiwa uzi mwembamba wa mmea. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilitoa mishale kwa maelfu. Manyoya yalikuwa yameshaoza, ila mabaki ya gundi yenye shaba yalikuwapo, pamoja na alama za uzi uliokuwa ukizunguka wano.

Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wanafunga manyoya kwa kano la mnyama. Kano hutafunwa mpaka lilainike, huzungushwa likiwa bichi, kisha huachwa. Likikauka linasinyaa na kujikaza lenyewe. Tena lina kolajeni, ileile inayotoa gundi ya kuchemsha ngozi na mifupa, kwa hiyo linafunga na kunata kwa pamoja. Mimi nikilinganisha hizi zote, kano ndilo linalonivutia zaidi: kitu kimoja kinazuia kuteleza na kubanduka, na hakinunuliwi dukani.

Anayetumia utepe hafanyi kinyume cha hao. Kwanza wano hufutwa kwa spiriti, maana mafuta ya vidole yanatosha kuharibu kazi. Uti wa unyoya husuguliwa kwa msasa mpaka uwe bapa, utepe hubandikwa chini yake, ziada hukatwa kwa wembe, kisha karatasi ya kinga hutolewa. Halafu unyoya hushushwa juu ya wano ukiwa umebanwa kwenye kibanio, na ukishagusa hausogezwi tena. Gundi ya maji ingekusamehe, hii haisamehe. Manyoya yote matatu yatoke bawa la upande mmoja, la kulia au la kushoto, kwa kuwa yamejipinda na kuuzungusha mshale. Ukichanganya, moja linapinga mengine. Mwisho hudondoshwa tone la supa gluu kwenye ncha ya mbele na ya nyuma, au huzungushwa uzi mara chache. Mtu akiiruka hatua hii ndogo kisha akaulaumu utepe, sina la kumtetea.

Faida ni muda. Gundi inayotaka dakika 15 kwa kila unyoya, kwa mishale 12, inakula saa 9 ikiwa una kibanio kimoja. Kwa utepe ni kazi ya jioni moja, na chai juu.

Wenye huruma na utepe wakatazame pia Olimpiki. Huko mishale ya kaboni ina unene wa milimita 5 hivi, na wapiga upinde wengi hawatumii manyoya bali vibawa vya plastiki nyepesi vilivyojikunja. Vibawa hivyo hubandikwa kwa utepe wa pande mbili, na ncha zake huzungushiwa utepe mwingine mwembamba. Mkenya Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya nchi yake Rio mwaka 2016, alishiriki mchezo huu ambao shabaha yake iko mita 70 na duara la pointi 10 lina kipenyo cha sentimita 12.2. Kibawa kikichanika, kipya kinabandikwa palepale uwanjani.

Kuna mahali utepe haufai. Mti mkavu usiopakwa vanishi hutoa vumbi na nyuzi ambazo gundi inanata nazo badala ya wano. Na joto ni tatizo baya zaidi, hasa kwetu. Unyoya uliobandikwa kwa kulazimishwa unyooke hutaka kurudi kwenye mpindo wake, kwa nguvu ndogo isiyokoma, na gundi iliyolainishwa na jua inapewa saa nzima za kuteleza. Mishale iliyoshinda ndani ya gari mchana ikaguliwe mmoja mmoja. Unyoya uliosogea usirudishwe kwa kidole: ubanduliwe, wano lifutwe kwa spiriti, na kuwekwe utepe mpya.