Kuta Zitashikwa na Nini?

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, siku mbili kabla ya Idd el-Hajj, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera kwa ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki dunia na mamia wakajeruhiwa. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Aghalabu kilichoua si mtikisiko wenyewe, bali kuta zilizowaangukia watu.

Sisi wa Shinyanga na Geita hatuko mbali na Kagera, na matawi mawili ya Bonde la Ufa yamepita mashariki na magharibi yetu. Hata hivyo, kamati yetu ilipojenga darasa la madrasa, tulisahau. Kuta zilipofika juu ya madirisha fedha zilipungua, na fundi akashauri tuache linta, tupaue kwanza. Wengi wetu tuliafiki. Binti wa kidato cha tatu aliyetusaidia kuandika hesabu za michango akauliza: "Ardhi ikitikisika, kuta hizi zitashikwa na nini?" Hatukuwa na jibu.

Swali hilo ndilo kiini cha taaluma nzima. Tofali hustahimili uzito unaotoka juu, lakini ukuta ukisukumwa ubavuni hupasuka upesi. Linta, yaani mkanda wa zege na nondo unaozunguka jengo lote bila kukatika, huzifunga kuta nne zikatikisika pamoja kama kasha. Nondo sharti zikunjwe na kupishana penye pembe, zege limwagiliwe maji walau siku saba, na paa liwe jepesi.

Wazazi wenye vijana wa kike na wa kiume wanaouliza maswali ya namna hii wasiwanyamazishe. Anayependa kazi ya mikono aende VETA akajifunze uashi. Anayemudu fizikia, kemia na hisabati aendelee hadi kidato cha sita, kisha asome uhandisi wa ujenzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na hatimaye asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayevutiwa na ardhi yenyewe asome jiolojia, elimu ihitajiwayo pia katika migodi yetu ya dhahabu.

Nasi tumeahirisha kupaua. Watoto wangali wanasomea barazani, na wapo wanaotulaumu. Lakini linta imekwisha kumwagwa, alhamdulillah. Watoto wa watu ni amana, na kutawakali hakumwondolei mjenzi wajibu wake.