Kuchoma Nyama Nyumbani: Moto Haushindi Kila Ugonjwa

Nyama ya kuchoma ni chakula cha furaha. Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa yalipoanza kugawiwa kwa wakulima wadogo, wenyeji wa Endarasha, Warazo, Naromoru na sehemu nyingine za Kieni wamekuwa wakifurahia mavuno yao kwa njia hiyo. Pesa za maziwa zikilipwa, viazi vikiuzwa kwa bei nzuri, au mtoto akifaulu mtihani, mbuzi huchinjwa, na jirani huitwa.

Kuchoma ni kazi ambayo kila mtu hudhani anaijua. Lakini siku moja asubuhi alikuja afisini kwetu mzee mmoja mwenye ng'ombe watatu wa maziwa, akaniuliza swali ambalo wakulima wengi hujiuliza bila kulisema.

"Karani," alisema, "ng'ombe wangu jana jioni alikula nyasi vizuri, na leo nimemkuta amekufa. Majirani wanataka kununua nyama wakachome. Je, ikichomwa sana, moto si utaua ugonjwa?"

"Mzee, mmekwisha kumpasua?" nilimwuliza.

"Bado. Ametokwa na damu puani nyeusi, isiyoganda. Nikaogopa."

"Umefanya vyema kuogopa," nikamwambia. "Rudi nyumbani, usimguse, na mbwa wasimkaribie. Namwita daktari wa mifugo sasa hivi."

Jibu la swali la mzee huyu ndilo shabaha ya makala hii. Moto ni rafiki mkubwa wa mpishi, lakini una mipaka. Yako mabaya ambayo moto huyaondoa, na yako ambayo hauyawezi hata kidogo. Mkulima anayechoma nyumbani yampasa kuyajua yote mawili.

MOTO MZURI NI MAKAA, SI NDIMI

Kwanza tuseme habari ya moto wenyewe. Nyama haichomwi kwa ndimi za moto. Ndimi huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Washa kuni mapema, ngoja mpaka ziwe makaa mekundu yenye jivu jeupe juu, ndipo uweke nyama. Kuni za miwati ni nzuri, na vigogo vya kahawa iliyokatwa ni vizuri pia. Usitumie misonobari wala mitarakwa, kwa kuwa utomvu wake hutoa moshi mweusi na kuharibu ladha. Nguzo za ua zilizotiwa dawa na mbao zilizopakwa rangi zisiletwe kabisa penye chakula, maana moshi wake ni sumu.

Jiko laweza kutengenezwa kwa pipa lililopasuliwa kwa urefu. Lakini uliza kwanza pipa hilo lilikuwa na nini. Lililotiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia kahawa halifai, hata likioshwa mara kumi. Juu ya jiko weka vyuma vitupu. Wavu wa kuku umepakwa zinki, nayo zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mbaya.

Kupima moto ni rahisi. Weka kiganja mahali nyama itakapokaa, uhesabu polepole. Ukishindwa kufika tatu, moto ni mkali mno. Ukifika tano au sita, ni sawa. Ukipita nane, ongeza makaa.

VYAKULA VINAVYOPENDWA

Mbuzi. Mbuzi mchanga aliyehasiwa ana nyama laini, na beberu mzee ana harufu na ugumu. Mbavu huiva kwa muda wa saa moja hivi, na paja zima laweza kuchukua saa mbili. Nyunyiza maji ya chumvi, geuza mara kwa mara, na usiwe na haraka. Mafuta yakidondoka na kuwasha moto, sogeza nyama kando. Sehemu iliyoungua ikawa nyeusi ikatwe na kutupwa, maana ndani yake mna vitu vinavyoweza kuleta saratani.

Mutura. Matumbo yasafishwe kwa maji mengi, ndani na nje. Yakijazwa nyama iliyokatwa vipande vidogo, damu, vitunguu na dhania, yachemshwe kwanza. Dunga kwa mwiba. Kama damu mbichi hutoka, bado. Damu isipotoka, yapeleke kwenye makaa yakauke na kupata rangi.

Kuku. Kuku wa kienyeji ni mgumu. Mchemshe kwanza mpaka alainike, kisha mchome. Nyama iliyo karibu na mfupa isiwe na rangi ya waridi.

Samaki. Trauti walitiwa katika mto Gura mwaka 1905, na kituo cha kuwazalisha huko Kiganjo kilianzishwa mwaka 1948. Trauti, na hata tilapia wa bwawa lako, hupendeza sana wakipigwa moshi. Mpasue, mwoshe, umloweke kwa saa moja katika maji ya chumvi, kikombe 1 cha chumvi kwa vikombe 10 vya maji. Mtundike kivulini mpaka ngozi ikauke, kisha mtundike juu ya makaa yenye moshi mpaka nyama iachane na mfupa. Lakini moshi haumfufui samaki aliyeoza. Samaki mwenye macho yaliyozama na harufu kali atupwe.

Mahindi mabichi, viazi vitamu, nduma na ndizi. Hivi ni vyakula rahisi, na watoto huvipenda. Viazi na nduma vifukiwe katika jivu la moto na maganda yake.

LINALOWEZWA NA MOTO: TEGU

Katika nyama ya ng'ombe huonekana pengine vilengelenge vyeupe, vidogo kama punje za mchele. Hao ni watoto wa tegu. Ng'ombe huwapata kwa kula nyasi zilizochafuliwa na choo cha mtu mwenye tegu. Mtu akila nyama hiyo ikiwa mbichi, mnyoo hukua tumboni mwake na kuweza kufika urefu wa mita 5 au zaidi.

Hapa moto hutusaidia. Nyama ikiiva kabisa mpaka katikati, watoto wa tegu hufa. Kwa hiyo kata penye mfupa utazame. Maji yanayotoka yakiwa meupe, nyama imeiva. Yakiwa mekundu, irudishe jikoni, wala usimsikilize anayesema kwamba nyama mbichi ndiyo tamu. Tena kila nyumba iwe na choo, na kila mtu akitumie, kwani tegu huanzia hapo.

LISILOWEZWA NA MOTO: KIMETA

Sasa turudi kwa ng'ombe wa yule mzee. Daktari wa mifugo alifika, akavaa mipira ya mikononi, akatoa damu kidogo sikioni, akaitazama kwa darubini. Ilikuwa kimeta.

Kijidudu cha kimeta kina hila yake. Kikiwa ndani ya mwili wa mnyama ni dhaifu. Lakini mnyama akipasuliwa, na damu ikapata hewa, kijidudu hujivika gamba gumu, kama mbegu iliyomo katika kokwa. Katika gamba hilo kinaweza kustahimili jua, ukame na joto jingi, na kukaa udongoni miaka mingi kikingoja mnyama mwingine. Huko Uskochi kuna kisiwa kidogo kiitwacho Gruinard. Mwaka 1942 wanajeshi wa Uingereza walijaribu vijidudu vya kimeta kwa kondoo kisiwani humo. Kisiwa kilifungwa, wala hakikutangazwa kuwa salama mpaka mwaka 1990, baada ya udongo wake kutiwa dawa. Fikirini basi shamba lenu la eka chache likiwa katika hali hiyo.

Ndiyo maana moto wa jikoni hauaminiki. Makaa huunguza nje ya nyama, na katikati ya paja joto halifiki kiasi cha kuvunja gamba lile. Tena, kabla nyama haijafika motoni, hatari imekwisha kuingia. Anayechuna ngozi, anayekata, na mama anayeosha sufuria, wote wameshika damu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za kimeta katika nchi tano, nazo ni Kenya, Malawi, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Huko Zambia wako watu walioshikwa na ugonjwa baada ya kula nyama ya viboko waliokutwa wamekufa.

Dalili kwa mnyama ni hizi: kufa ghafla, kuvimba tumbo upesi, mwili kutokakamaa, na damu isiyoganda kutoka puani, mdomoni au nyuma. Kwa mtu, hutokea upele unaogeuka kidonda chenye gamba jeusi katikati, kisicho na maumivu makali. Aliyekula nyama hushikwa na homa, tumbo kuuma, kutapika, na pengine kuhara damu. Aende hospitali siku ile ile na aseme wazi alichokula au alichogusa. Dawa ipo na huponya, mradi asichelewe.

Ng'ombe wa mzee alizikwa katika shimo la kina cha futi sita, akamwagiwa chokaa, na miiba ikawekwa juu. Hata ngozi haikuchukuliwa. Mzee alisimama kando akitazama pesa zake zikifukiwa. Hatutasema kwamba hasara ile ilikuwa ndogo. Maziwa ya ng'ombe yule yalikuwa yakilipa karo. Lakini majirani waliotaka nyama walikuwa nyumba sita, zenye watoto.

MAHINDI YENYE UKUNGU

Jambo jingine lisilowezwa na moto ni sumu ya ukungu wa mahindi, iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na wilaya za jirani, watu 317 walipatikana wameugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Kuchoma, kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Mahindi mabichi yaliyotoka shambani leo yachomwe kwa furaha. Yale makavu yaliyoota ukungu wa kijani au wa manjano yasiliwe na mtu, wala yasipewe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita ikaingia katika maziwa.

YAKUMBUKENI HAYA

1. Chinja mnyama mzima tu. Aliyekufa mwenyewe hachomwi, hachunwi, hauzwi.

2. Mwite mkaguzi wa nyama. Nyama ya kuuza ni lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri, na hata ya nyumbani yafaa itazamwe.

3. Mnyama akifa ghafla, mfunike, fukuza mbwa, na upeleke habari kwa afisi ya mifugo kabla ya kumwambia mtu mwenye kisu.

4. Choma kwa makaa, mpaka katikati paive.

5. Wachanjeni ng'ombe, mbuzi na kondoo dhidi ya kimeta kila mwaka, hasa kama ugonjwa umewahi kuonekana karibu nanyi.

6. Karamu ikiisha, jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha kulala, hata katika baridi ya Julai. Hewa yake haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Yule mzee alichanja ng'ombe wake wawili waliobaki. Mwaka uliofuata, pesa za maziwa zilipolipwa, alipita afisini kutualika. Mbuzi alikuwa amekaguliwa, makaa yalikuwa tayari, na majirani wa nyumba zile sita walikuwapo wote.