Shule Zikifungwa, Nani Atainjika Chungu?

Siku ya kufunga shule, mtoto wa Gredi ya Tatu hutoka langoni na ripoti mkononi. Akifika nyumbani ataulizwa alama. Lakini akina mama wengi wa Kiandutu mjini Thika, au wa Kimbo na Githurai upande wa Ruiru, huwa na swali jingine wasilolitamka mbele ya watoto: kuanzia Jumatatu, hawa watakula nini mchana?

Swali hilo lina hesabu yake. Mchukue mama mwenye watoto watatu katika shule ya umma inayotoa chakula cha mchana. Kila wiki ya masomo, shule humpunguzia sahani 15. Likizo ya Aprili huchukua wiki tatu hivi, ya Agosti vilevile, na ile ya mwisho wa mwaka hupita miezi miwili. Kwa mwaka mzima ni wiki 15 hivi, yaani sahani 225 zinazorudi mlangoni kwake. Kipato chake hakiongezeki kwa kuwa shule zimefungwa. Tena kama anafulia watu nguo au ana kibarua shambani, kila siku anayobaki nyumbani kuwaangalia watoto ni siku isiyo na malipo.

Katika kazi yangu ya lishe ya watoto nimeona msaada wa likizo ukitolewa kwa moyo safi, na bado usimfikie mtoto uliyekusudiwa kumshibisha. Sababu ni kwamba tunauona mlo wa shule kuwa chakula tu. Ukiutazama vizuri, ni vitu vitano vinavyokwenda pamoja: chakula, bei ya jumla, moto, mpishi, na saa ya kula inayojulikana. Shule ikifungwa, vyote vitano huondoka siku moja. Ukirudisha kimoja, vinne bado vinamngoja mama.

Somo lililoanzia Ruiru

Mwaka 2012, Wawira Njiru, aliyesomea lishe nchini Australia, alianza kulisha watoto 25 hapa Ruiru kutoka jiko dogo la kuungaunga. Fedha za kuanzia alizipata kwa kuwapikia watu chakula cha Kenya alipokuwa mwanafunzi huko ng'ambo. Kazi hiyo ikakua na kuwa shirika la Food4Education, linalopika katika majiko makubwa ya pamoja na kusambaza chakula shuleni. Mzazi hulipa kwa M-Pesa, mtoto huvaa bangili ya kielektroniki iitwayo Tap2Eat, huigusisha kwenye kifaa, kisha hupokea sahani yake. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika hilo, ilianzisha Dishi na County, ambapo mzazi huchangia Sh5 kwa mlo mmoja.

Hakuna kibanda Githurai kinachoweza kukuuzia githeri kwa shilingi tano, na mwenye kibanda hana kosa. Yeye hununua mahindi kwa gorogoro, jiko kubwa hununua kwa magunia. Yeye huchoma makaa kwa ajili ya sufuria moja, jiko kubwa hupikia maelfu kwa moto mmoja. Tena hakuna kaunti inayomjazia pengo la gharama. Mama naye hununua kwa kipimo kidogo kuliko wote: unga wa kadogo, mafuta ya kupima, makaa ya mkebe. Asiye na pesa hununua kidogo kidogo, na bei ya kidogo kidogo ndiyo ya juu kupita zote.

Mipango ya kitaifa nayo ina historia ndefu. Wakenya wa rika langu wanakumbuka Maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni, yaliyoanza mwaka 1979. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha wanafunzi nchini mwaka 1980, serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua vyakula vya humu nchini mwaka 2009, na kufikia 2018 shirika hilo lilikuwa limeikabidhi serikali kazi yote. Lakini mpango huo ulielekezwa hasa kwenye kaunti kame na nusu kame, pamoja na mitaa ya mabanda ya Nairobi. Kiambu yetu, yenye kahawa, maziwa na viwanda vya Thika, huhesabiwa kuwa kaunti ya neema. Njaa ya Kiandutu hailetwi na kukosa mvua. Soko limejaa, mfuko ndio mtupu, na njaa ya namna hiyo haionekani kwenye ramani ya ukame.

Kinachobadilika kwenye sahani

Mtoto wa miaka minane huhitaji takriban kalori 1,700 kwa siku. Sahani ya githeri iliyopikwa kwa gramu 100 za mahindi makavu na gramu 50 za maharagwe humpa zaidi ya kalori 500, karibu theluthi moja ya mahitaji yake, pamoja na protini gramu 20 hivi. Protini ya mahindi ina upungufu wa lysini, na maharagwe yana lysini tele. Nyanya zetu waliochanganya viwili hivyo chunguni walikuwa wakimkamilishia mtoto protini bila kusoma kitabu chochote cha lishe.

Likizoni sahani hiyo mara nyingi hugeuka kuwa chai ya rangi na andazi. Njaa hutulia kwa muda, lakini protini ni kidogo, na chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungefyonza. Jioni huja ugali na sukuma wiki, na mtoto amekwisha kushinda mchana mzima akichezea juani bila nguvu.

Sitaki kumtisha mzazi. Wiki tatu za mlo hafifu hazimdumazi mtoto wa miaka minane. Kudumaa hutengenezwa zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mwaka wa pili wa mtoto, na utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ila hapo ndipo likizo inapompata mtoto ambaye hatukumfikiria. Wakubwa watatu wakirudi kwenye chungu kilekile, chungu hakipanuki. Mgawo unaopunguka unaweza kuwa wa yule mdogo wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hata hajui kwamba kuna shule na kwamba imefungwa.

Njia tatu na nyumba zisizofanana

Msaada wa likizo huja kwa njia tatu: chakula kikavu, pesa, au chakula kilichopikwa.

Chakula kikavu ndicho rahisi kwa kanisa, msikiti au chama. Kwa watoto wetu watatu, milo 15 ya mchana kwa kila mmoja katika likizo ya Agosti huhitaji kilo nne na nusu za mahindi na kilo mbili na robo za maharagwe. Mfuko mmoja unatosha. Lakini githeri ya nafaka kavu huhitaji moto wa saa mbili au tatu. Katika nyumba ambayo mzazi huondoka alfajiri, mpishi atakuwa msichana wa miaka kumi mbele ya jiko la makaa, katika chumba kimoja cha mabati. Anaweza kuungua, na hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Tena maharagwe mekundu yaliyochemshwa nusunusu yana sumu ya asili inayosababisha kutapika. Ni lazima yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke mpaka yaive kabisa. Kwa hiyo mfuko wa mahindi na maharagwe unaifaa nyumba yenye nyanya au mtu mzima mchana. Pasipo mtu mzima, hata ndengu ambazo huiva upesi zingoje mzazi arudi.

Pesa humwachia mzazi uamuzi, na hilo ni jambo la heshima. Tayari tuna Inua Jamii, inayotoa Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Hata hivyo, kiasi hicho hakibadiliki shule zikifungwa. Marekani tangu 2024 huongezea familia zenye kipato kidogo dola 40 kwa mwezi kwa kila mtoto wa shule wakati wa likizo ya kiangazi, katika majimbo yaliyojiunga. Udhaifu wa pesa ni kwamba hununua kwa bei ya rejareja, na mwenye nyumba naye anangoja kodi. Ili zifae, lazima ziingie kabla ya siku ya kufunga shule.

Chakula kilichopikwa ndicho pekee kinachorudisha vyote vitano. Mahakama ya Juu ya India mwaka 2004 iliamuru kwamba katika maeneo yaliyokumbwa na ukame watoto waendelee kupewa mlo wa shule hata wakati wa likizo ya kiangazi. Nchini Uingereza, baada ya kampeni ya mwanasoka Marcus Rashford ya 2020, mpango wa kuwapa watoto wa familia maskini chakula pamoja na michezo likizoni ulipanuliwa kote England mwaka 2021.

Lango lililofungwa

Hapa kwetu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Naiunga mkono, maana mtoto anahitaji kupumzika. Lakini sheria hiyo inakataza masomo, na sahani ya githeri si somo. Bodi ya shule inaweza kufungua uwanja saa sita mpaka saa nane, pakawa na mpishi anayelipwa, maji safi na mtu mzima wa kuwaangalia watoto.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na haisemi haki hiyo ni ya muhula tu. Kikwazo ni mgawanyo wa kazi: shule za chekechea ni za kaunti, shule za msingi ni za serikali ya kitaifa, na mtoto aliye likizoni hayumo katika ratiba ya yeyote. Mwaka 2020 tuliona jinsi pengo hilo lilivyo kubwa, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na wanafunzi wengi wasirudi hadi Januari 2021.

Kwa Thika na Ruiru ningeanza hivi. Walimu na wahamasishaji wa afya ya jamii wawatambue watoto wenye shida wiki chache kabla ya shule kufungwa, bila orodha kusomwa hadharani. Kila mtaa uwe na kituo ambacho mtoto mdogo anaweza kukifikia kwa miguu, iwe shule, ukumbi au kanisa. Mlo uwe ule wa muhula, kwa bangili ileile, ili asijulikane nani amelipa na nani amelipiwa. Msimu mkuu wa kahawa, kati ya Oktoba na Desemba, huangukia likizo ndefu, na mlo wa uhakika ungempa mzazi sababu ya kutompeleka mtoto kuchuma. Na mdogo anayeletwa mgongoni na dada yake apewe kikombe cha uji wa wimbi bila kuulizwa anasoma wapi.

Barua ya kufunga shule huja na tarehe ya kufungua, michango inayodaiwa na ukumbusho wa sare. Ningependa Agosti hii iongezwe mstari mmoja: chakula cha mchana kitapatikana wapi, na saa ngapi.