Visima 22 vya Rameswaram

Kazi ikikupeleka kusini mwa India, huenda ukafika Rameswaram, mji wa hija wa Wahindu ulio kisiwani. Utaona mahujaji wakioga baharini, kisha wakiingia hekaluni na nguo zilizolowa, wakimwagiwa maji ya visima 22, ndoo kwa ndoo. Usiwacheke. Paulo alipozunguka Athene aliumia moyoni kuona sanamu, lakini hakuwatukana wenyeji. Alianza na kiu yao ya kumtafuta Mungu (Matendo 17). Kisha jiulize: hawa wamesafiri mbali kutafuta utakaso. Wewe unayeamini kuwa Kristo anakutakasa bure, mara ya mwisho ulitubu lini kwa dhati? Neema ya bure si neema ya kuchezea. Jumapili njema.